Chatu Asiyetaka Kukaribishwa

Wacha niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi nyoka siwapendi. Sijawahi kuwapenda, na hata leo ukinirushia mkanda wa suruali kwa utani nitapiga nduru mpaka majirani wapige simu polisi. Mimi ni nesi wa miaka mingi. Damu nimeiona, vidonda nimeviosha, meno bandia ya wazee nimeyatafuta chini ya vitanda kwa mikono na magoti. Lakini nyoka, ng'o.

Sasa ilikuwaje Jumamosi moja ya Januari nikajikuta naendesha gari kutoka kwangu Grand Prairie, Texas, hadi Houston, mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi, kumleta chatu nyumbani kwangu kwa hiari yangu mwenyewe? Ni kwa sababu binti yangu aliomba, na hakuwa ameomba kitu kingine chochote.

Nilimwacha Nakuru kwa mama yangu akiwa na miaka sita, nikaja huku kusomea unesi. Nilidhani makaratasi yake yatachukua mwaka, ikizidi miwili. Yalichukua saba. Alipotua uwanja wa ndege wa Dallas mwezi wa nane alikuwa na miaka kumi na mitatu, ameshanipita urefu, na sauti yake nilikuwa naijua ya simu tu.

Nilimpokea kama mtoto wa rais. Akina mama wa kanisa letu walikuja kumi na saba, sare za kitenge, baluni, vigelegele, nyimbo, mpaka askari wa uwanja wakauliza kama kuna harusi. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la kijani jipya kabisa, simu mkononi, narekodi kila kitu ili shosho, bibi yake kule Nakuru, aone. Milango ikafunguka. Msichana akatoka na kigari cha mizigo, akasimama, akatazama kulia na kushoto, kisha akaenda moja kwa moja akamkumbatia kiongozi wetu wa kwaya.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuwashinda wote, na kwenye video nasikika vizuri sana.

Kutoka hapo tulielekea nyumbani kula. Pilau, mbuzi, chapati za kujaza beseni, na kila mama anapita na kijiko, "Kula mwanangu, mbona umekonda hivyo?" Mwanangu akala vijiko vitatu, akauliza choo kiko wapi, akakaa huko saa nzima.

Miezi mitano ikapita hivyo. Si kwamba alikuwa mtovu wa adabu, la, adabu alikuwa nayo hadi inaudhi. Anaosha vyombo, anatandika kitanda, anajibu "ndiyo", "hapana", "sawa". Chakula anadonoa kama kifaranga. Na hakuwa ananiita chochote. Mimi jina langu lilikuwa Samahani. "Samahani, sabuni imeisha." "Samahani, kuna fomu ya shule." Nyumba yenyewe ni yetu wawili tu, kwa hiyo hapakuwa na shaka ni nani anayeitwa Samahani. Na mimi, kwa sababu ni nesi na ni mtu wa maneno mengi na subira kidogo, nilikuwa naandika kwenye daftari kila alichokula. Jumanne, mayai nusu. Jumatano, chai. Sitaficha, nilikuwa nahesabu mpaka vijiko.

Basi siku moja mezani akasema, "Samahani, naomba kitu."

"Chochote!" Hata hakuwa amemaliza. Niliruka kwenye kiti kama nimeitiwa zawadi.

"Nyoka."

Nikakaa tena polepole. Yeye akaanza kueleza. Darasa lao la sayansi lina chatu mdogo, na mwalimu humruhusu amshike wakati wa mapumziko. Hawa chatu wa aina hiyo hawakui wakubwa sana, hawaumi ovyo, wanakula mara moja kwa wiki, hawanuki, hawabweki. Wakiogopa wanajikunja wanakuwa mpira, kichwa ndani. "Na hawapendi kelele," alimalizia, akinitazama.

Nilikuwa nimehesabu. Sentensi kumi na moja mfululizo. Kwa sentensi kumi na moja ningemnunulia mamba.

Mwuzaji alikuwa mama mmoja wa Houston anayefuga chatu kwenye chumba cha nyuma, masanduku yamepangwa ukutani kama droo za kabati la duka la dawa. Mimi nilisimama mlangoni, mkoba kifuani. Alimpa binti yangu maagizo naye akayaandika yote: sanduku la kioo liwe na upande wa joto na upande wa baridi, mahali pawili pa kujificha, maji, unyevu kidogo. Wiki ya kwanza asiguswe kabisa, aachwe ajue yuko wapi. Baada ya hapo apewe chakula. Akikataa mara moja, ngojeni wiki moja. Akikataa mara tatu, mrudisheni kwangu, maana huyu ni mtoto na mtoto hafai kukaa na njaa muda mrefu.

Halafu akamtoa. Urefu wa mkanda, unene wa kidole gumba, kahawia na mabaka ya rangi ya chai ya maziwa. Alitiwa kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko kwenye kisanduku, kisanduku kwenye mapaja ya binti yangu, na hita ya gari ikawashwa mpaka mwisho ili mgeni asishikwe na baridi. Niliendesha nimevaa koti, jasho linanitiririka, siwezi kulivua maana mikono yangu ilikataa kuachia usukani.

Tulipofika kama katikati ya safari, nikasikia mtu anaongea. Niligeuka. Binti yangu alikuwa ameinamia kisanduku.

"Usiogope, buda. Hiyo ni lori tu. Inapiga kelele lakini haina noma. Hapo nje kuna ng'ombe, lakini wako mbali. Tukifika utakuwa na nyumba yako, hakuna mtu atakusumbua."

Alimweleza mabango. Alimweleza madaraja. Alimweleza kwamba huku Texas kila mahali ni gari, hata kwenda kununua mkate, kwa hiyo azoee. Saa mbili nzima mwanangu alizungumza, kwa sauti ya chini, tamu, na hakuna hata neno moja lililokuwa langu. Niliona wivu. Mtu mzima mimi, na mkopo wa nyumba, nikamwonea nyoka wivu.

Tulimwandalia nyoka makao chumbani kwa binti yangu. Chini tulimwaga makumbi ya nazi yaliyosagwa, kitu ambacho pwani watu wanakitupa na huku kinauzwa kwenye mfuko wenye picha. Upande mmoja tulitandika mkeka wa umeme wa kupasha joto. Mapango yakawa mawili, moja la dukani, jingine chungu changu cha maua kilichovunjika mdomo. Panya wadogo waliogandishwa wakawekwa kwenye friza, kwenye mfuko, kati ya sukuma wiki na samaki. Mgeni akatolewa, akaingia kwenye chungu, akatoweka. Binti yangu akafunga mfuniko, akakaa kitandani, akatabasamu peke yake. Nilimwuliza jina la nyoka. Akasema hana jina mpaka azoee.

Sasa hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kufanya kazi ya ziada.

Niliwaza hivi: mtoto anampenda huyu mdudu. Nikimwonyesha kwamba na mimi nimempokea, nimempokea kabisa, ataona kwamba mama yake ni mtu wa maana. Na sisi watu wetu tunampokeaje mtoto mpya? Tunakuja kumwona. Tunaleta shuka, tunaleta uji, tunampakata kwa zamu. Hakuna mtoto aliyezaliwa kwa Wakenya wa hapa akakosa kupakatwa na mikono thelathini kabla ya kitovu kukauka. Basi nikaandikia kundi la akina mama: Jumapili baada ya ibada karibuni kwangu mumwone mtoto wa nyoka, chai ipo.

Nilidhani watakuja wawili. Wacha wee! Walikuja kumi na mmoja. Wanne walibaki nje kwenye magari, vioo vimefungwa, wakiimba nyimbo za vita vya kiroho. Wale saba wengine waliingia wakinata ukutani. Mmoja alileta blanketi la mtoto mchanga, rangi ya manjano, limefumwa kwa mkono. Mwingine alileta kofia. Nilimwuliza kofia ya nini. Akasema, "Sikujua nilete nini, na mikono mitupu siwezi kuja."

"Shindwe!" akasema kiongozi wa kwaya alipoliona sanduku, kisha akasogea karibu kuliko wote. "Haiya! Kumbe ni kadogo hivi? Amefanana na nani?"

"Na mjomba wako," mtu akajibu, wakaangua kicheko.

Nesi mmoja wa wagonjwa mahututi, mwanamke asiyeogopa kitu chini ya jua, akavaa glavu alizotoa mkobani na kumwinua kutoka kwenye chungu. Mgeni akajikunja akawa mpira. Wakamweka kwenye blanketi la manjano, blanketi likazunguka mkono kwa mkono, picha zinapigwa na taa zinamulika. Mama mmoja akamwombea. Aliomba kwa kirefu, kwamba akue katika utii, asifuate njia za yule wa bustanini, na aibariki nyumba hii. Sisi wote tukasema amina. Mimi nilikuwa narekodi.

Binti yangu alisimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ambayo mtu alikuwa amempa. Hakuigusa. Wa mwisho alipoondoka, alilichukua blanketi na kilichokuwamo, akaenda chumbani, akamrudisha chunguni. Nilimfuata.

"Mwuzaji alisema wiki moja asiguswe," akaniambia bila kugeuka.

"Najua, lakini walikuwa wanampenda tu, mwanangu."

"Hawamjui. Walikuwa wanamshika tu."

Jumapili iliyofuata tukampa chakula. Panya aliyeyushwa kwenye maji ya moto, ndani ya kikombe changu cha chai nilichokipenda na ambacho sasa kiko kwenye jaa la taka. Binti yangu alimshika panya kwa kibanio kirefu, akamning'iniza mbele ya chungu, akimtikisatikisa kidogo. Mgeni alitoa pua. Akaitazama ile karamu. Akarudisha pua. Tulingoja nusu saa, panya akapoa, kazi ikaisha.

"Atakula tu," nilisema. "Nimtengenezee chati? Tumpime uzito, tuandike saa..."

"Si mgonjwa," akasema. Kisha akaweka kibanio chini, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Akikataa mara tatu anarudishwa Houston. Na akirudishwa, naomba na mimi nirudishwe kwa shosho."

Nilihisi kama nimekanyaga hewa kwenye ngazi. "Kwa nini?"

"Kwa sababu hii nyumba haijui kukaa na mgeni."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, hasira ndiyo lugha yangu. Nilienda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kesho yake nilipotoka kazini nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba chake. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ule mzuri wa shule za Nakuru. Usimguse. Usigonge kioo. Usimwimbie. Usimwulize kama ameshiba. Usilete watu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: HATA MAMA.

Niliisoma mara tano. Halafu nikaipiga picha, nikaituma Nakuru, na kabla sijavua viatu simu ikalia.

"Umefukuzwa kwenye chumba cha nyumba yako mwenyewe," mama yangu akasema, "na unanitumia picha na vikatuni vya kucheka. Una akili timamu?"

"Soma mwisho, mama."

"Nimesoma mwisho. Inasema hata wewe usiingie."

"Inasema hata mama!"

Nikamsikia akiisoma tena. "Aka," akasema. "Kweli." Kisha akaniuliza kama mtoto anakula, nami nikamdanganya.

Wiki hiyo ndiyo jirani yangu alipoingia kwenye habari hii. Ni Mkongomani wa kule mashariki, anafanya kazi kwenye ghala la maboksi, tunasaidiana friza kwa kuwa ya kwake ni ndogo. Alikuja na mifuko ya sombe, majani ya mhogo aliyoyatwanga mwenyewe, akafungua friza yangu kama kawaida yake. Halafu nikasikia, "Yesu na Maria! Mama, iyi ni panya?"

"Ni panya, lakini..."

"Muko nakula panya? Na mushahara ya nesi?"

"Si wetu, ni wa nyoka."

"Nyoka iko wapi?"

"Chumbani."

Aliweka sombe mezani taratibu, akatoka, akafunga mlango. Baada ya dakika moja mlango ukafunguka, mkono wake ukaingia peke yake, ukachukua sombe, ukatoka.

Mara ya pili ya kumlisha, binti yangu aliniambia ningoje sebuleni. Ni kitu kidogo tu nilichoombwa. Ningoje sebuleni. Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Niliwaza, je, kama ameshakula na mimi sijui? Nilienda kwa vidole vya miguu, nikafungua mlango upana wa mkono, na kwa kuwa ndani palikuwa na giza nikawasha tochi ya simu. Na nikamwona, jamani, nilimwona kabisa: alikuwa ametoka chunguni nusu nzima, shingo imekunjwa, ulimi unachezacheza, panya yuko mbele yake kwa umbali wa kidole. Mwanga ukampiga machoni. Akarudi ndani kama mtu aliyekumbuka kuacha jiko linawaka.

Binti yangu aligeuka. Hakunifokea. Nilitamani anifokee.

"Imebaki moja," akasema.

Nilisema pole. Kisha nikaieleza hiyo pole kwa dakika kumi, nimesimama mlangoni, nikitaja uchovu wa kazi, na hofu ya mzazi, na jinsi tochi za siku hizi zinavyowaka kupita kiasi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa ile adabu yake, akasema "sawa", akafunga mlango.

Nililia garini, kwenye maegesho ya kazini, nikila ndizi. Nililia kwa sababu nilijua kabisa kwamba siwezi. Nikiambiwa nimgeuze mgonjwa wa kilo mia na ishirini nitamgeuza. Nikiambiwa nikae kimya na nisitazame, mwili wote unawashwa. Na sasa mtoto niliyemngoja miaka saba angerudi kwa ndege kwa sababu mimi ni mtu wa kuchungulia.

Jirani alinikuta barabarani siku hiyo nikitoa mapipa ya taka. Aliuliza, kutoka mbali, kama ule mdudu alikula. Nikamweleza yote, pamoja na tochi.

"Munamuweka ndani ya kioo?" akauliza. "Kila upande anaona watu?"

"Ndiyo."

"Ata mie singekula, bana. Kwetu kuku akilalia mayai, tunafunika kitunga. Haiko dawa, ni kufunika tu." Akaingia kwake, akatoka na kitenge cha zamani, cha bluu, chenye samaki wa njano. "Ufunike na hii. Na usinirudishie. Ikigusa nyoka, ni ya nyoka."

Nilimpelekea binti yangu kitenge kile. Sikuingia, nilikinyoosha tu kutoka mlangoni. Alikitazama, akatazama sanduku, akakikunja mara mbili, akafunika pande tatu. Mimi, yule Samahani, nikajiondokea bila kuambiwa.

Kisha nikampigia simu kiongozi wa kwaya kumwambia Jumapili hii watu wasije.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

"Hakuna mgonjwa."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Sasa kama hakuna mgonjwa na hakuna msiba, tusije kwa nini?"

Kwa kweli, kwetu sababu ya tatu haipo. Nilimwambia tu, tafadhali, dada, nipe mwezi mmoja. Aliguna. Najua alidhani nimehama kanisa.

Jumapili ya kumlisha mara ya tatu, kama saa kumi na moja jioni, nilikuwa jikoni nafuta kitu kisichokuwa kichafu, binti yangu akatokea.

"Unaweza kuja," akasema. "Lakini tunakaa chini, tunampa mgongo. Hakuna kuongea."

Tulikaa kwenye zulia, migongo kwa sanduku, bega kwa bega. Panya alikuwa ameshawekwa mbele ya chungu. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Binti yangu alishika kioo kidogo cha mkononi, kile changu cha kupakia rangi ya mdomo, akakielekeza nyuma juu ya bega lake. Mimi sikuwa na kioo. Nilikuwa na ukuta, na ratiba ya masomo iliyobandikwa hapo, nikaisoma mara nyingi sana. Najua mpaka leo kwamba Jumatano anaanza na hesabu.

Dakika tano. Dakika kumi. Pua yangu iliwasha, nikajikaza kisabuni. Nilitaka kuuliza anafanya nini, nikauma ulimi. Nilitaka kukohoa, nikameza. Sijawahi kunyamaza muda mrefu hivyo nikiwa macho, tangu nizaliwe.

Nyuma yetu kikasikika kishindo kidogo. *Tap.* Kama mtu amedondosha kifutio.

Binti yangu alishika mkono wangu. Sidhani alijua ameushika. Kwenye kile kioo kidogo, aliposogeza kidogo upande wangu, nikaona: mgeni amejizungusha kwenye panya, amembana kama zawadi, na polepole, bila haraka ya mtu yeyote, anaanza kumeza. Ilikuwa inatisha na kuchukiza, na sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Mkono wangu wa pili ukaenda mfukoni. Wenyewe. Nilitaka shosho aone.

"Usirekodi," akanong'ona. "Mama, mwangalie tu."

Nikaacha simu. Tulimwangalia kwenye kioo cha rangi ya mdomo mpaka mkia wa panya ukaisha. Kisha yeye akaendelea kunong'ona, bado ananipa ubavu, macho kwenye kioo, kwa hiyo mwanzoni nilidhani anaongea na nyoka kama kule barabarani.

"Siku ile ya uwanja wa ndege nilikutafuta. Shosho aliniambia utavaa kijani. Nikaiona kijani. Lakini juu ya kijani kulikuwa na simu, na kila mtu alikuwa anasema njoo mwanangu, njoo mwanangu. Sikuona uso. Nikamshika aliyekuwa karibu."

Miezi mitano nilikuwa nimeishi nikijua kwamba mtoto wangu aliniona akanipita. Kumbe alisimama pale katikati ya vigelegele vya watu kumi na saba akitafuta uso wangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeuficha.

Nilitaka kumkumbatia nimvunje mbavu. Mikono ilishainuka. Halafu nikakumbuka blanketi la manjano likizunguka mkono kwa mkono, nikairudisha kwenye mapaja, nikaikalia kabisa.

"Pole," nikasema. Hiyo tu. Sikuieleza.

Nyuma yetu mgeni alikuwa anarudi chunguni, makumbi yanachakacha.

"Kuna chapati?" akauliza.

"Zipo."

Nilienda kupasha moto. Sikuuliza ngapi, nilileta sahani nzima, na bakuli la maharagwe. Daftari liliniona likiwa juu ya kaunta, nikalipita. Nilipoingia chumbani nilimwekea sahani kwenye zulia, nikaketi, nikageuka nikampa mgongo. Naye akasogea mpaka mgongo wake ukagusa wangu. Nikakaa hivyo, macho kwenye ratiba ya masomo, nikimsikia akitafuna.